Ngozi ya Kulazia Mshale

Ildefonsi alikuwa ameshachagua mishale ya kuwindia nguruwe, ile iliyonyooka tu. Shemeji yake akabandika kipande cha ngozi yenye manyoya kwenye upinde, pale mshale unapolala.

"Ni ya mbuzi. Mshale unateleza kimya, nguruwe hasikii kitu."

Ildefonsi akaipapasa. Kidole kikakuta kovu, na kando ya kovu matundu ya sindano. Jeraha lile alilishona mwenyewe, kwa uzi wa nyavu za wavuvi wa Ngumbo, siku nguruwe alipompasua mbwa wake. Mbwa alipopotea, shemeji huyuhuyu alizunguka na Ildefonsi mashamba ya kahawa, akimwita mbwa kwa jina.

Akalaza mshale juu ya manyoya, akavuta mpaka ugwe wa upinde ukagusa shavu, ndipo akamgeukia.

"Kweli, shemeji. Kimya kabisa."