Matundu Masafi ya Fundi Uweso

Pale ilipopaswa kuwapo transista palikuwa na matundu matatu matupu, masafi, kama masikio yaliyovuliwa hereni.

Fundi Uweso aliinamia bodi ya redio ya Bi Mastura, mteja wake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Matundu yakabaki matatu.

Jumatatu aliona vivyo hivyo, ila siku ile ilikosekana kapasita. Wiki iliyopita, rezista. Mara zote mbili alitia nyingine, redio ikaimba, Bi Mastura akashukuru. Na mara zote mbili hazikupita siku tatu akaitwa tena barazani kwake, mtaa wa Makorora: redio imenyamaza.

"Nimeitoa mwenyewe nikasahau kuirudisha," alijiambia. Sasa iliimbaje bila kitu hicho? Labda ilimwonea haya mzee wa watu, ikajikaza mpaka afike kwake.

Wala hakushangaa sana. Ijumaa iliyopita alirudi kutoka msikitini na kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.

Kilichomuuma ni uzuri wa kazi yenyewe. Risasi ya kuungia imeyeyushwa taratibu, imenyonywa yote, bodi haikuungua hata nukta. "Mkono bado ni wa fundi," akawaza. "Kichwa ndicho kilichostaafu, tena bila kuniaga."

"Vipi, fundi, mgonjwa atapona?"

Bi Mastura alikuwa ameketi kwenye mkeka wake palepale barazani, mlango wazi, kama ilivyompasa mjane. Kila Uweso alipokuja, alikaa hapo akitazama na kuuliza: risasi inataka moto kiasi gani, mguu upi hutangulia kutoka.

"Mgonjwa hana neno. Tatizo ni daktari."

Bi Mastura akacheka, akammiminia kahawa. Kidole gumba chake kilikuwa na lengelenge. Alipoona kinatazamwa akakificha ndani ya kanga. "Mafuta ya vitumbua haya, yalinirukia."

"Wale vijana wa sokoni wana mashine ya kupuliza upepo wa moto," Uweso akasema. "Dakika moja tu, kitu kimeng'oka. Ungewapelekea wao."

"Niwapelekee wanipulizie redio yangu? Mie nimeshamzoea fundi wangu."

Maneno hayo yalizidi kumchoma. Binti yake Chiku alikuwa akimwita ahamie kwake Maramba tangu mwezi wa Ramadhani: baba, funga kibanda, uje ukae nasi, utuangalizie kuku. Naye alikuwa ameapa kwamba redio hii ikimshinda mara ya tatu, anakwenda.

Akachomoa chuma cha kuyeyushia risasi kwenye soketi ya ukutani, akauviringisha waya wake polepole, kama mtu anayekunja mswala.

"Bi Mastura, tafuta fundi mwingine. Mie nimekwisha. Kesho nakwenda Maramba kwa Chiku, nikaharibu kuku."

"Unakwenda kutembea?"

"Nakwenda kukaa."

Kahawa ikafurika kikombeni, ikamwagikia mkeka. Bi Mastura hakuifuta.

"Kwa ajili ya kiredio hiki?"

"Mara tatu hizi! Natoa vitu, sivirudishi, wala sikumbuki. Itafika siku nitamng'oa mtu jino nikidhani kapasita."

Safari hii Bi Mastura hakucheka. Alichungulia barabarani kuona kama kuna mpita njia, kisha akaivuta kanga mpaka puani.

"Usiende, fundi," akasema. "Nikiacha kuving'oa, utakuja hata redio ikiwa nzima?"