Shati la Idara ya Maji

"Maji yapo humu?" aliuliza mama aliyekuja kutazama nyumba, jicho kwenye bomba la jikoni.

Kwa dalali, huyu ndiye mteja wa kwanza, siku ya nne tangu aache kazi ya kusoma mita. Mkewe hakuwa na habari. Ndiyo maana asubuhi alitoka na shati lake lile lile la Idara ya Maji, nembo kifuani, kama mtu anayekwenda kazini.

Na mita ya nyumba hii aliijua nje ndani. Mshale wake haukuwa umesogea, mwaka wa pili sasa; maji hayakuwa yakifika humu.

Mama akaliona shati, uso ukamchangamka. "Kumbe wewe mtu wa maji! Madalali wamenichosha kwa uongo, baba. Ukisema wewe, sina haja hata ya kufungua bomba."

Jasho lilimtiririka chini ya nembo. Akimkosa huyu, atakwenda kumwambia nini mkewe?

"Yapo, mama," alisema. "Tena ya kumwaga."

"Afadhali," mama akasema, akitoa chupa tupu mkobani. "Hebu nikingie kidogo, koo limenikauka."