Mlango wa Mbele

Raheli alichungulia penye upenyo wa pazia, moyo ukamlipuka. Aliyekuwa akipiga hodi mlango wa mbele hakuwa mgeni aliyemsubiri. Alikuwa Alfred, mwanawe wa pekee, ambaye tangu ajue kutembea huingia kwa mlango wa uani na kufunua sufuria kabla hajasalimu mtu.

"Ee Mungu wangu, leo! Siku zote hizo, leo!"

Pa kujificha hapakuwepo. Sebule imefagiwa, meza ina kitambaa kipya, chai ya tangawizi iko kwenye chupa. Na yeye mwenyewe, bibi mwenye wajukuu, kiongozi wa kwaya ya kina mama, amejipaka mafuta na kufunga kitenge kipya kama mwali. Maana mchana huu mshenga wa mzee Bonifas wa Kilangali alikuwa anakuja kuleta posa.

Mjane wa Yeremia, kuolewa uzeeni! Aibu ilimpanda hadi masikioni. Tangu mavuno yaliyopita Bonifas alimwomba, naye akamjibu, "Tuone kwanza." Si kwamba hakumtaka. Alimtaka, na upweke ulikuwa unamla. Aliogopa midomo ya Magomeni, mtaani kwake, na kuliko midomo yote, mdomo wa Alfred. Siku ya kuanua tanga la baba yake, Alfred alisimama mbele ya watu akatangaza, "Mama yangu hana haja ya mume mwingine. Mimi nipo." Watu wakampigia makofi. Raheli hakuna aliyemuuliza.

"Karibu, baba," alisema, akivuta khanga kufunika kile kitenge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umefunga gereji? Huko Mikumi malori umemwachia nani?"

"Leo nimefunga tu."

Alivaa koti la kanisani, siku ya Jumanne, na joto hili la Kilosa! Kwapani alibana kitu kizito kilichofungwa kwa gazeti. Nyama ya kunilainishia, Raheli akawaza. Kigoda chake cha siku zote alikipita, akaketi ukingoni mwa kiti cha wageni, macho sakafuni. Basi ameshasikia. Maneno hayana miguu, lakini Mikumi yamefika.

"Nikuletee maji?"

"Sinywi kwanza."

Tangu lini Alfred akakataa maji ya mama yake?

"Baba mdogo Deogratias yupo?" akauliza, bado anaongea na sakafu.

"Wa nini?"

"Kuna neno. Linataka mtu mzima wa ukoo."

Hapo Raheli akaelewa. Ni kikao, basi. Watamweka kati na kumkanya kama binti aliyefumaniwa vichakani, na mshenga wa watu atawakuta katikati ya maneno. Ilibaki njia moja rahisi: apenye uani, amtume jirani yake Hildegarda akamzuie mgeni barabarani, amwambie Raheli kaghairi. Aliinuka akaenda hadi mlango wa uani, mkono ukafika kwenye komeo.

Nyuma ya mlango huo lilining'inia jembe kuukuu, limelika hadi kubaki kama kijiko. Ndilo jembe la posa ya Yeremia. Kwa watu wao, posa hufika na jembe. Amelilimia maisha yake yote, akamlisha nalo huyu huyu aliyekaa kwenye kiti cha wageni. Alilitazama, na machozi yakamlenga. Akaliachia komeo.

Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya mwanawe, akaivua khanga.

"Mwite baba yako mdogo. Waite wote. Ila ujue nitakachowaambia. Mzee Bonifas kaniomba, nami nimekubali. Mshenga wake anakuja leo hii. Kama unaona aibu, pita mlango wa uani usikutane naye. Mimi nimeona aibu mpaka nimechoka."

Neno lilikuwa limeshatoka.

Alfred alifunika uso kwa viganja. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu.

"Siku ile ya tanga sikukuuliza, mama," alisema taratibu.

Kisha akainuka, akachukua mzigo wake, akatoka. Kwa mlango wa mbele. Raheli alisikia gazeti likichanwa huko nje, akangoja kusikia pikipiki yake ikiwaka. Haikuwaka.

"Hodi, wenye nyumba!"

Alfred alikuwa amesimama kizingitini, koti amelifunga vifungo vyote, na mikononi ameshika jembe jipya lisilo na mpini.

"Natokea Kilangali," alisema kwa sauti ya mtu mgeni kabisa. "Nimetumwa na mzee Bonifas."