Neno la Maji

Kila nyumba ilipopewa lugha inayokufa ili iitunze, nyumba yetu ya Lushoto ilipata Kibagobo. Jioni tulipopika tuliongea hicho tu, na Bibi Remedios, msemaji wake wa mwisho kule Mindanao, Ufilipino, alitusahihisha kupitia skrini ya jikoni.

Neno la maji lilimshinda binti yangu Salha. Kila alipolikosea, Bibi alicheka. "Rudia, mjukuu wangu."

Juzi alilikosea tena. Bibi hakucheka.

"Bibi, nimepatia?"

"Hata sijui, mjukuu wangu. Siku hizi naongea na nyinyi tu."

Jana Bibi alikohoa, akatuambia tumsubiri anywe maji. Neno hilo la maji alilitamka kama Salha, kwa kosa lile lile. Nikafungua mdomo nimsahihishe, kisha nikaufumba.