Mashine ya Akiba

"Leo hungoji, baba. Hata benchi halitapata joto," karani wa hospitali alitania dirishani. "Mashine kubwa ya mafaili inatengenezwa, lakini ya akiba inafanya kazi."

Mzee Senkondo hakucheka. Mwezi uliopita wakubwa wa hospitali walizizima zote mbili kwa pamoja ili zitengenezwe. Bila faili hakuna daktari, walisema, na mkewe akafia kwenye benchi lilelile.

"Kumbe mnaweza," alisema.

Akasukuma kadi ya marehemu mkewe. Karani akabonyeza, jina likatokea papo hapo, na kipaza sauti kikaita ukumbi mzima: "Namsifu Senkondo, kwa daktari."

"Mwenyewe yuko wapi, baba?"

Mzee alirudi kwenye benchi, akakaa ukingoni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.