Mafundo Mia Tatu

Tu! Tu! Kitana cha mfumaji kiligonga gizani. Umeme wa mji wa Srinagar ulikuwa umekatika tena, na babu yake Zoona alikuwa akiukandamiza mstari mpya wa zulia.

Mwanasaikolojia aliyetumwa na shule alishika fomu magotini. Shule ilingoja saini yake tu imwondoe Zoona darasani: ana miaka tisa, hawezi kuhesabu kupita kumi.

"Tia saini, binti yangu," babu alisema. "Mjukuu wangu kichwa boga. Lakini ni boga letu wenyewe."

Zoona akacheka, akaanza kuupapasa ule mstari. Vidole vyake vyembamba, vilivyopasuka kwa baridi, vilitambaa fundo baada ya fundo, bila haraka, mpaka ukingoni.

"Babu, limepungua moja."

"Mimi huyu? Miaka hamsini nafunga mafundo mia tatu kila mstari, leo unifundishe wewe?"

Mwanasaikolojia akawasha tochi ya simu. Akahesabu, akapotea, akaanza upya. Mia mbili tisini na tisa.

Fomu ilikuwa imeanguka, hakuiokota.

"Umejuaje, mwanangu?" akamuuliza Zoona.

"Nimeyahesabu kwa vidole."