Pitchi

Kitasa cha mlango kilishuka, kikapanda, kikashuka tena. Geula aliacha kijiko ndani ya sufuria ya samaki, akasimama katikati ya jiko.

Wiki hiyo wajane wawili wa mtaa wao, huko Haifa, walikuwa wameporwa nyumbani mchana kweupe. Duka la dawa zima lilikuwa likizungumza habari hiyo. Na leo ni Ijumaa, saa nane mchana. Majirani wote wa ghorofa ya tatu wameshakwenda kula chakula cha Sabato kwa watoto wao.

Afadhali hakuwa peke yake. Kobi, fundi bomba, alikuwa bafuni tangu saa saba. Alisema ametumwa na kamati ya jengo, kuna maji yanavujia chini. Mwanamume mnene, mcheshi. Alipomwona Geula anahangaika na ndoo, alimzuia.

"Shvi, mama, kaa. Bomba lenyewe lina miaka mingi kuliko yako na yangu tukiijumlisha."

Kitasa kikatulia. Ikaja sauti ya mwanamume, ya chini, mdomo karibu kabisa na mlango.

"Ptach."

Fungua. Geula alikuwa amewafundisha wahamiaji Kiebrania kwa miaka thelathini na moja, na hata katika hofu ile sikio lake lilidaka kosa. Kiebrania hakina amri moja kwa wote: mwanamume huambiwa ptach, mwanamke huambiwa pitchi.

Akajipa moyo. Pengine ni mgeni aliyefika nchini juzi, amepotea ngazi. Wanafunzi wake wapya walikuwa hivyo hivyo, wakiwaamrisha hata mama zao kwa maneno ya kiume.

"Ptach. Al tefached."

Fungua, usiogope. Ya kiume tena. Ila lafudhi haikuwa ya mgeni. Ilikuwa ya mtu aliyezaliwa hapo hapo mjini, na mtu kama huyo hakosei jambo ambalo mtoto wa miaka minne halikosei.

Akamwita Kobi kwa sauti ndogo, aje, kuna mtu mlangoni. Kule bafuni nyundo ikanyamaza, nyayo zikaja ukumbini taratibu. Geula alipohisi mwili mkubwa wa fundi umesimama nyuma yake, ndipo alipopata nguvu za kuusogelea mlango.

"Humu anaishi mwanamke," akasema kwa sauti yake ya darasani. "Ukitaka nifungue, sema pitchi."

Yule mtu akajibu kwa upole, safari hii kwa maneno ya kike, bila kukosea hata moja.

"Najua, mama. Sikukwambia wewe."

Mkono wa Kobi ukapita juu ya bega lake, ukazungusha ufunguo.